Vitisho Mkononi: Nia ya Kudhuru Katika Ujumbe wa Simu na Kazi ya Mpelelezi Kilifi

"Babu, pumzika sasa. Umefanya kazi ya kutosha." Ujumbe kama huu ukisomwa ofisini Nairobi na mtu asiyemjua babu wala mtumaji, ni maneno ya mjukuu mwema. Ukisomwa Junju, katika boma ambalo mtoto amefariki majuzi, mganga ameshaendewa na shamba bado halijagawanywa, mzee aliyeupokea huenda asilale nyumbani usiku huo. Mfano huu nimeutunga, lakini hali ninayoieleza haikutungwa. Kwa miaka mingi Kaunti ya Kilifi imekuwa ikizika wazee waliouawa kwa madai ya uchawi. Vitisho vinavyotangulia mauaji ya namna hiyo, ambavyo zamani vililetwa kwa mdomo au kwa karatasi iliyotupwa mlangoni usiku, sasa vina njia nyepesi zaidi ya kumfikia mlengwa. Vinamfuata hadi mfukoni.

Swali la uchambuzi huu ni je, mpelelezi anaweza kuitambua nia ya kudhuru ndani ya maandishi ya simu, mapema kiasi cha kuokoa maisha, na kwa namna ambayo hakimu ataikubali? Wapo wanaoweka matumaini yote kwenye programu za kompyuta. Wapo wanaotaka iandikwe orodha ya maneno mabaya, na yeyote atakayeyatumia akamatwe. Mimi naona njia zote mbili zinaanzia mahali pasipofaa. Nia ya mtu haipimwi kwa maneno aliyoyachagua peke yake. Inapimwa kwa uhusiano wake na aliyemwandikia, kwa kilichotokea kati yao kabla ya ujumbe, na kwa kile ambacho mmoja atakipata mwenzake akiondoka. Upelelezi usioyajua hayo matatu utawakamata watani na kuwaacha wauaji.

Junju ni wadi ya Kilifi Kusini, jirani na Vipingo na mashamba yake ya mkonge. Wengi wa wenyeji ni Wamijikenda, hasa Wachonyi na Wagiriama. Ardhi ya ukanda huu ina historia chungu. Familia zimelima mahali pamoja kwa vizazi bila hati, na pale hati zinapotoka, au mnunuzi kutoka mjini anapofika na pesa taslimu, kipande kilichokuwa cha kupanda mihogo hugeuka mali ya kugombaniwa. Anayeishikilia mali hiyo kwa kawaida ni mzee. Kifo au maradhi yakiingia katika ukoo, lawama haikosi pa kuangukia. Ndiyo maana mashirika ya haki na viongozi wa Kilifi wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma za uchawi kuna ugomvi wa mirathi. Wazee walionusurika wamepata hifadhi Kaya Godoma, Ganze, kwenye makao yaliyo chini ya chama cha utamaduni cha MADCA. Wengine wamefikia kupaka nywele zao rangi nyeusi, kwa sababu mvi zenyewe zimefanywa ushahidi dhidi yao.

Katika mazingira hayo vitisho haviji kwa ukali. Huja kwa adabu. Wenyeji wa Pwani wana msemo kwamba akufukuzaye hakwambii toka, na kweli anayetaka mzee aondoke hana haja ya kuandika neno "kuua". Atauliza kama mzee ameshaandika wosia. Atamwambia kwamba vijana wa mtaa wamechoka. Atamtakia safari njema bila ya kuwepo safari yoyote. Programu iliyofundishwa kusaka matusi na maneno ya damu itaupitisha ujumbe huo kama salamu.

Upande wa pili, maneno makali kabisa huenda yasibebe chochote. Kijana wa bodaboda anaweza kumwandikia mwenzake "leo nakuchinja" kwa sababu tu amecheleweshewa deni la shilingi mia. Kati ya babu na mjukuu kuna utani uliozoeleka tangu jadi: bibi humwita mjukuu mume wangu, mjukuu humuuliza babu atakufa lini amrithi kanzu. Mtu wa nje akiyasoma mazungumzo ya familia hiyo kwenye kioo cha simu anaweza kudhani ameangukia njama.

Jambo jingine halisemwi sana, nami nalipa uzito mkubwa. Wazee wengi wa vijijini hawasomi ujumbe wao wenyewe. Huwasomea mjukuu, mkaza mwana, au kijana wa jirani mwenye muda. Kwa hiyo ujumbe uliotumwa kwa simu ya mzee una wasomaji wawili, na mtumaji analijua hilo. Pengine anayemlenga ni huyo msomaji wa pili, ili nyumba nzima ijue kwamba mzee ametengwa na ikae mbali naye. Pengine msomaji huyo yuko upande wa mtumaji, na mzee haambiwi yote. Wengine hawaandiki kabisa. Hurekodi sauti ya nusu dakika WhatsApp, kwa Kigiriama au Kichonyi, ambayo hakuna chombo cha kusaka maneno kitakachoigusa. Mpelelezi anayeishika simu ya mzee lazima aulize kwanza: nani huifungua simu hii, na nani aliusoma ujumbe huu kabla yako?

Sheria ya Kenya haikosi vifungu vya kuanzia. Kifungu cha 223 cha Kanuni ya Adhabu kinamhukumu hadi miaka 10 jela mtu anayemfikishia mwenzake tishio la kuua, liwe la maandishi au la, moja kwa moja au kwa kupitia njia nyingine. Kifungu cha 224 kinaweka hadi miaka 14 kwa wanaokula njama ya kuua. Katika kesi ya mauaji yenyewe, kifungu cha 206 kinaeleza dhamira ovu: kwamba mtu alikusudia kuua au kujeruhi vibaya, au alijua kitendo chake kingeleta hayo. Hapo ndipo ujumbe wa simu unapokuwa na thamani kubwa, kwani unaweza kuonyesha kilichokuwa moyoni mwa mshtakiwa siku kadhaa kabla ya tukio. Na kuna Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, mkongwe wa enzi za Waingereza, ambayo inafanya kuwa kosa kumtuhumu au kumtishia mtu kwamba utamtangaza mchawi, isipokuwa tuhuma hiyo ipelekwe kwa mwenye mamlaka kama chifu au polisi. Ina maana kwamba ujumbe wa kundi la ukoo unaomtaja babu fulani kuwa ndiye anayemaliza watoto ni kosa tayari, hata kama hakuna aliyeandika neno la kumdhuru. Sheria hiyo inaweza kutumika asubuhi ya leo, bila kungoja teknolojia yoyote.

Kwa nini basi watu wanavutiwa na orodha za maneno? Sababu iko katika historia yetu ya karibuni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ujumbe mfupi ulisambaza chuki nchini kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Serikali ilifikiria kuzima huduma hiyo, na Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, akashauri itumike kupeleka ujumbe wa amani kwa wateja. Mwaka 2008 ilitungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoharamisha matamshi ya chuki na kuunda tume ya NCIC. Kabla ya uchaguzi wa 2013 wasimamizi wa mawasiliano waliweka masharti kwa wanasiasa wanaotuma ujumbe kwa maelfu ya watu kwa mpigo. Hatua hiyo ilikuwa na mantiki, kwa kuwa ujumbe wa jumla una mtumaji mmoja anayejulikana na unaweza kukaguliwa kabla haujatoka. Ujumbe wa mtu kwa mtu hauna mlango wa namna hiyo, wala haupaswi kuwa nao.

Mwaka 2022, wakati joto la uchaguzi likipanda, NCIC ilitoa orodha ya maneno iliyoyaona hatari. Lilikuwamo "madoadoa", lililomtia mashakani Mithika Linturi, seneta wa Meru wakati huo, baada ya hotuba yake Eldoret Januari mwaka huo. Lilikuwamo "kwekwe". Ulikuwamo pia usemi ambao sisi wa Pwani tunaujua vizuri, wa kuwataka wabara warudi kwao. Nia ya tume ilikuwa njema. Hata hivyo orodha ikishachapishwa, mchochezi wa kwanza kuisoma hubadilisha msamiati wake jioni hiyohiyo, na anayebaki kunaswa ni mkulima anayelalamika juu ya kwekwe za kweli shambani mwake.

Watafiti wa kituo cha teknolojia cha iHub jijini Nairobi waliliona tatizo hili mapema. Mradi wao wa Umati, ulioanza mwaka 2012, uliwaweka watu halisi kusoma maandishi ya mtandaoni kwa Kiswahili, Sheng, Kikuyu, Kijaluo, Kikalenjin na lugha nyingine. Walitumia kipimo cha Susan Benesch, msomi wa Marekani, anayeuliza mambo matano: msemaji ana ushawishi gani, wasikilizaji wana hofu gani, maneno yenyewe yanasemaje, hali ya jamii ikoje, na njia iliyotumika ni ipi. Kati ya matano hayo, maneno ni moja tu. Kipimo hicho kilitengenezwa kwa hotuba zinazolenga makundi, lakini kinashuka vizuri hadi katika boma moja la Junju. Ushawishi wa mwana wa kwanza aliye Mombasa na anayelipa karo za ukoo mzima si sawa na wa kijana mlevi wa mangweni, hata wakiandika sentensi moja.

Mahakama nazo zimelazimika kujifunza somo hili kwa gharama kubwa. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, iliyoamuliwa Arusha Septemba 1998 na mahakama ya kimataifa ya Rwanda, majaji walimsikiliza mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, akieleza maneno ya Kinyarwanda yalimaanisha nini mahali pale na wakati ule. Neno mojawapo lilikuwa "inyenzi", yaani mende. Kamusi isingetosha. Ilibidi ijulikane nani alilitamka, akimwambia nani, mwezi gani. Baadaye huko Hague, katika kesi ya William Ruto na mtangazaji Joshua Sang kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, iliyositishwa Aprili 2016, upande wa mashtaka ulidai kwamba kulikuwa na lugha ya mafumbo. Kudai fumbo ni rahisi. Kulithibitisha kunahitaji shahidi anayeijua lugha kutoka ndani na ambaye hana maslahi na upande wowote, na watu wa namna hiyo ni wachache.

Uingereza ilikosea kwa upande mwingine. Januari 2010 kijana aitwaye Paul Chambers aliona uwanja wa ndege aliokuwa asafirie umefungwa kwa theluji, akaandika Twitter kwamba uwanja usipofunguliwa karibuni ataulipua. Wafanyakazi wa uwanja walioyaona maneno hayo hawakuyaona kuwa tishio la kweli, lakini alishtakiwa, akatiwa hatiani na kupoteza kazi. Ilichukua hadi Julai 2012 Mahakama Kuu kuifuta hukumu ile, kwa hoja kwamba ujumbe usiomtia hofu mtu yeyote mwenye akili timamu anayeusoma hauwezi kuitwa tishio. Marekani, katika kesi ya Counterman ya mwaka 2023, Mahakama ya Juu iliongeza sharti kwa upande wa mtumaji: lazima ithibitishwe kwamba angalau alijua maneno yake yanaweza kuchukuliwa kama tishio la kudhuru, akayatuma bila kujali. Naona hakimu wa Kilifi au Shanzu angefaidika kuyauliza maswali yote mawili pamoja. Mpokeaji aliingiwa na hofu ya haki? Mtumaji alijua?

Sasa tuzitazame mashine. Programu ya kutambua nia mbaya haijui maana ya kitu chochote. Hupewa maelfu ya ujumbe ambao watu wameshauwekea alama, huu wa chuki na huu salama, kisha hutafuta ruwaza. Ubora wake hauwezi kuzidi ubora wa alama hizo. Wapo Wakenya walioifanya kazi hii kwa bidii. Edward Ombui na wenzake Lawrence Muchemi na Peter Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikusanya makumi ya maelfu ya maandishi ya Twitter kuhusu uchaguzi, yaliyochanganya Kiswahili, Kiingereza, Sheng na lugha za nyumbani, wakayafanyia utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Mikusanyo mikubwa ya Kiafrika iliyofuata, kama AfriSenti na AfriHate, imekiingiza Kiswahili. Hakuna lugha hata moja ya Kimijikenda ndani yake. Kwa mtu wa Junju, anayeanza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Kichonyi, mashine hizi zinasikia nusu ya mazungumzo.

Na hata zingesikia yote, hesabu ingezisuta. Tuseme Kilifi, yenye watu 1,453,787 kwa sensa ya 2019, inapitisha ujumbe 100,000 mbele ya programu, na kati yake 10 tu ndio wenye nia halisi ya kuua. Tuseme programu ni hodari kupita zote zilizopo: inanasa 9 kati ya 10, na inakosea mara moja tu katika kila ujumbe 100 ulio salama. Itamletea mpelelezi majina zaidi ya 1,000, na kati yake 9 ndiyo ya kweli. Kituo cha Kijipwa hakina askari wa kuwahoji watu 1,000, na kama kingekuwa nao, ningewahurumia hao karibu 1,000 wasio na hatia. Tishio la kweli ni adimu kama lulu katika chaza, na chombo kinachopasua chaza wote wa bahari ili kuipata lulu moja hakifai kuitwa chombo cha upelelezi.

Mashine ina kazi yake, lakini kazi hiyo huanza baadaye. Simu ikishachukuliwa kihalali katika kesi iliyokwisha kufunguliwa, na ndani yake kuna ujumbe 40,000 wa miaka mitatu, programu inaweza kuupanga kwa tarehe, kuonyesha mazungumzo yalipobadilika, na kumwelekeza msomaji mahali pa kutazama kwanza. Hapo idadi ya watu ni ndogo, sababu ya kushuku ipo, na anayeamua maana ni binadamu.

Swali la nani aliandika mara nyingi ni gumu kuliko swali la alimaanisha nini. Mwaka 2001 msichana wa miaka 15 alitoweka katika eneo la Essex, Uingereza. Simu ya mjomba wake ilikuwa na ujumbe ulioonekana kutoka kwa msichana huyo. Mtaalamu Malcolm Coulthard aliulinganisha na ujumbe wake wa kawaida, kwa kuwa msichana alizoea kuandika kwa herufi ndogo, ilhali ule ulikuwa wa herufi kubwa, pamoja na tofauti nyingine za tahajia. Mjomba alihukumiwa kwa mauaji Desemba 2002, ingawa mwili haukupatikana.

Vijana wetu nao wana saini za vidole vyao. Yupo anayeandika "xaxa", yupo wa "ss", mwingine hawezi kuandika "sijui" ila "cjui". Yupo anayemalizia kila sentensi kwa nukta tatu, na yupo aliyesoma shule ya bweni ambaye hawezi kuacha koma. Alama hizi zinasaidia pale washukiwa wanapokuwa wachache wanaojulikana na kila mmoja ana maandishi yake ya kulinganisha. Haziwezi kumtambua mtu mmoja kati ya kaunti nzima kwa ujumbe wa maneno sita. Shahidi yeyote anayeahidi hivyo mahakamani asisikilizwe.

Wenyeji wana njia yao ya kumtafuta mtumaji: huanza kama wanaotuma pesa kwa M-Pesa ili jina la mwenye namba litokee, kisha wanaghairi. Ni mwanzo mzuri, na mara nyingi hutosha kumpa mzee jina la kutaja kituoni. Lakini jina hilo ni la aliyesajili laini. Laini husajiliwa kwa kitambulisho cha mama, huuzwa kando ya barabara, huazimwa, huibwa. Rekodi za kampuni ya simu, ambazo mahakama inaweza kuagiza zitolewe, zinaeleza namba ipi iliwasiliana na ipi, saa ngapi, na kupitia mnara upi. Kijijini mnara mmoja unahudumia eneo pana, hivyo hauwezi kusema ujumbe ulitoka nyumba ya nani. Maneno ya WhatsApp nayo yamefungwa kwa usimbaji tangu 2016, na kampuni haiwezi kuyasoma. Kwa vitendo, ushahidi wa maneno uko mahali pawili tu, simu iliyotuma na simu iliyopokea. Simu ya mzee ikipotea, nusu ya kesi imepotea.

Hapa ndipo kesi nyingi hufia, kwenye makaratasi. Sheria ya Ushahidi, vifungu vya 78A na 106B, inakubali ushahidi wa kidijitali, na pia inadai ijulikane ulivyotunzwa na uambatane na cheti cha aliyehusika na kifaa. Picha ya kioo cha simu iliyosambazwa mara tano, bila simu yenyewe na bila cheti, ni mwaliko kwa wakili wa utetezi. Idara ya upelelezi wa jinai, DCI, ina Maabara ya Kitaifa ya Uchunguzi iliyofunguliwa mwaka 2022, Nairobi, umbali wa safari ya siku nzima kwa basi kutoka Kilifi. Simu inayotoka Junju hupita mikono mingi kabla ya kufika huko, na kila mkono lazima uandikwe. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 inampa afisa njia ya kuitaka kampuni ihifadhi data zisifutwe. Ombi hilo linafaa liandikwe siku ya malalamiko, kabla maiti haijapatikana.

Siwezi kulijadili hili bila kuitazama serikali usoni. Chombo kinachoweza kumlinda mzee wa Junju kinaweza pia kumwinda mwalimu. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akifundisha Taita Taveta, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni yaliyomhusu afisa wa ngazi ya juu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi na kufia mikononi mwa polisi. Hapakuwa na tishio la kuua mtu. Mahakama zetu zilikwisha onya: Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kwa kuwa kilikuwa kipana mno kiasi kwamba raia hawezi kujua kosa linaanzia wapi. Uganda ilifuata njia hiyo Januari 2023 kwa kifungu chake cha mawasiliano ya kuudhi. Tanzania, chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya 2015, watu wamehukumiwa kwa kumtukana rais. Tofauti kati ya kumuudhi mkubwa na kumtishia mnyonge iko wazi kwa mtoto, na bado ni ile ya kwanza inayopata askari wa haraka.

Ibara ya 31 ya Katiba inalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu. Kwa wazazi wa Malindi na Mombasa ambao vijana wao walichukuliwa kwa tuhuma za ugaidi na hawakuonekana tena, ibara hiyo si mapambo. Ndiyo sababu nakataa mpango wowote wa kuchuja ujumbe wa watu wote kwa matumaini ya kumpata mmoja. Mlango sahihi ni malalamiko ya mtu aliyetishwa, amri ya hakimu, na simu zinazohusika basi.

Msiba wa msitu wa Shakahola, humu humu Kilifi, unaonyesha kwamba hata uhodari wa kusoma mafumbo hausaidii pale asiyetaka kusoma amekalia kiti. Mahubiri ya Paul Mackenzie, mhubiri aliyedaiwa kuwahimiza wafuasi wafunge hadi kufa, yalirekodiwa na kusambazwa kwa video, na alikuwa ameshafikishwa mahakamani Malindi miaka kadhaa kabla ya Aprili 2023, makaburi yalipoanza kufukuliwa katika msitu ule na miili zaidi ya 400 kutolewa. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana ilivilaumu vyombo vya usalama kwa kutochukua hatua licha ya dalili. Desemba 2023 Mackenzie alihukumiwa miezi 12 kwa kuendesha studio ya filamu bila leseni. Maneno yalikuwa hadharani, kwa Kiswahili kisicho na fumbo. Kilichokosekana ni afisa wa kuyachukulia kwa uzito.

Kwa Kilifi, basi, ningetaka mambo machache na ningeyataka kabla ya programu yoyote. Kila kituo kiwe na mtu aliyeapishwa wa kusoma na kusikiliza Kigiriama, Kichonyi na Kikauma kwa ajili ya mahakama, asiyetoka ukoo wa mlalamikaji wala mshukiwa. Malalamiko ya mzee kuhusu ujumbe wa simu yaandikwe katika kitabu cha matukio (OB) kama tishio la kuua au tuhuma ya uchawi, kwa vifungu vilivyopo, asirudishwe nyumbani aende "wakaelewane kifamilia". Afisa aulize juu ya shamba, msiba wa karibuni na mganga aliyetembelewa, na ayaandike majibu pamoja na tarehe za ujumbe, kwa kuwa mfuatano huo ndio utakaomwonyesha hakimu nia.

Nawe msomaji uliye karibu na mzee, sehemu hii ni yako. Ujumbe wa namna hii ukiingia kwenye simu yake, usiufute na usiusambaze. Usimjibu mtumaji. Andika tarehe, saa na namba kwenye karatasi, hifadhi rekodi ya sauti ilivyo, peleka simu yenyewe kituoni pamoja na mwenyewe, na usiondoke bila namba ya OB. Ukikataliwa, piga simu ya bure ya DCI, 0800 722 203, na umtafutie mzee pa kulala usiku huo.